Mabutu ya Baba

Enzi zetu sisi, viatu vilikuwa vya sikukuu na miguu ilikuwa ya kila siku. Wenzangu mliokulia Nachingwea na Ruangwa mnajua nasema nini. Tulikwenda shule pekupeku, tukacheza rede na kombolela pekupeku, tukaokota korosho pekupeku. Nyayo zilikuwa ngumu kiasi kwamba mwiba ukikuchoma, anayeumia ni mwiba. Hawa watoto wetu wa leo wakikanyaga changarawe moja wanataka kupelekwa zahanati. Basi mtaelewa ilikuwaje siku mabuti yalipoingia nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa ameitwa Nachingwea mjini kwenye usaili wa walinzi wa ghala la korosho. Sharti lilikuwa moja tu, uje umevaa mabuti. Mwaka ule ufuta wetu ulikuwa umeliwa na wadudu shambani, tukawa tunakula muhogo asubuhi, muhogo jioni, na mama alishasema wazi kwamba baba akiikosa kazi ile, sisi watoto tutagawanywa kwa ndugu, kila mmoja kwake. Mimi nilikuwa binti wa miaka tisa. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, halafu nikaenda kuyaangalia yale mabuti.

Baba aliyapata gulioni kwa kubadilishana na majogoo wawili. Yalikuwa meusi, marefu mpaka katikati ya muundi, na gidamu, zile kamba zake, zilikuwa ndefu kama kamba ya kutekea maji. Hakuna aliyejua zinafungwaje. Jirani mmoja akazifunga fundo la mbuzi. Mwingine akafunga kama mzigo wa kuni, akakaza kwa goti. Mjomba, ambaye aliwahi kulazwa hospitali, akamzungushia baba mguu mzima kama bandeji. Kila fundo lilidumu hatua nne, ya tano baba yuko chini. Kuku walishazoea, wakawa hawakimbii tena.

Alhamisi ya usaili, alfajiri, baba akatia udhu, akaswali, akaingiza miguu ndani ya mabuti, akanituma kwa bibi. Bibi huyu ni mama yake baba, Mmwera wa Narung'ombe, na Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, cha salamu na bei. Mtaa mzima msusi wao alikuwa yeye. Siku hiyo alikuwa anafunga kitenge chake aende Narung'ombe msibani, lori la ufuta linamngoja barabarani. Nikamwambia baba anaomba amfunge mabuti.

Bibi akasikia mabutu. Zile nywele za mafungu mafungu, za watoto wa darasa la kwanza. Akanitazama. "Baba yako? Mabutu? Na kile kipara?"

Nikarudia, mabuti. Akajibu kwamba amesikia, mabutu, hajazeeka masikio. Akatoka na kitana chake, amekunja uso, akamkuta mwanawe amekaa kwenye kinu na miguu ameinyoosha. Akayaona matundu mawili mawili yamepanda juu na kamba zinaning'inia. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeelewa mwisho wa mambo, akakaa chini na kuanza kusuka.

Akamsuka twende kilioni. Ndio msuko wa haraka, na yeye kweli alikuwa anakwenda kilioni. Gidamu zikapanda mistari, zikarudi nyuma, zikapishana kisigino, na ncha akazifutika ndani kwa ndani kama anavyomalizia ukili wa mkeka. Hukuona fundo wala pa kuanzia. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za baba siku ile zilikuwa miguuni. Bibi akapanda lori, akaenda zake.

Kule mjini, kwa alivyotusimulia baba mwenyewe, msimamizi, mstaafu wa jeshi, aliwakimbiza kulizunguka ghala mara kumi. Wengine mabuti yaliwafumukia, mmoja buti likamtoka likapita dirishani. Baba akamaliza wa mwisho, anatweta, lakini miguu yake imekamilika. Msimamizi akainama akaitazama ile kazi kwa muda mrefu.

"Wewe wa kusuka," akasema, "Jumatatu uanze. Na uje hivyo hivyo."

Baba yangu alikuwa mtu wa kutii. Hivyo hivyo maana yake hivyo hivyo. Jioni alipotaka kuvua, mama akavuta buti, mjomba akamvuta mama, mimi nikamvuta mjomba, na tulichofanikiwa ni kumburuta baba pamoja na mkeka mpaka jikoni. Mama akaleta kisu. Baba akakiangalia kisu kile kama kimeletwa kumchinja yeye. Akasema tukikata, nani atasuka tena kabla ya Jumatatu? Mama akakirudisha kisu, na baba akalala na mabuti, miguu nje ya chandarua.

Asubuhi akaenda kwa shehe kuuliza habari ya udhu. Shehe akamwambia dini ni nyepesi, anaweza kupaka maji juu ya mabuti, ila mkazi ni siku moja tu na usiku wake. Baba akauliza, je, msafiri? Shehe akajibu, siku tatu. Baba akafikiri kidogo, akasema basi yeye ni msafiri. Saa hiyo hiyo akanishika mkono tukaenda barabarani kutafuta lori la Ruangwa, tumfuate bibi.

Tulifika Narung'ombe watu wamejaa msibani. Wanaume wote wamevua viatu wamekaa kwenye mikeka, na baba yangu amesimama pembeni kama mlingoti, anatoa pole kwa mbali. Wenye msiba wakaanza kuulizana huyu ni nani na ametumwa na serikali ipi. Bibi akaitwa. Alipomwona mwanawe bado amesukwa, alicheka, jamani, alicheka msibani, akajifunika kanga usoni ili aonekane analia. Akampakata mguu na kuufumua kwa muda wa kumenya ndizi. Mabuti yakatoka. Waliokuwa wamenyamaza kulia wakapata sababu mpya.

Kisha bibi akaniita mimi. Akanikalisha mbele ya ile miguu akasema, "Shika wewe. Baba yako hana vidole, ana mihogo." Siku mbili alinisimamia, nasuka, nafumua, nikikosea ananipiga kitana cha mkono. Jumapili tukarudi, na Jumatatu nikamsuka baba mabuti mimi mwenyewe. Akaenda. Akarudi na kazi yake, na hakuna mtoto aliyegawanywa.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu kila alfajiri kabla ya shule, miaka na miaka. Baba hakuwa mtu wa maneno wala wa kukumbatia watoto. Baba zetu hawakuwa hivyo. Alikuwa anakaa kwenye kinu, ananyoosha mguu, anasema, "Haya mama, nisuke," na wakati nasuka anaweka mkono wake juu ya kichwa changu, eti asianguke. Mtu amekaa, ataangukaje?

Nilikuwa darasa la saba siku niliyotumwa kumpelekea chakula ghalani. Nikamwona kwa mbali amekaa juu ya gunia, mabuti ameyavua, miguu inapunga upepo. Nikataka kukimbia nikamsuke. Kabla sijafika akavaa, akainama, na vile vidole vya mihogo vikaenda mistari, vikarudi nyuma, vikapishana kisigino, vikafutika ncha ndani kwa ndani. Haraka kuliko mimi. Nikarudi nyuma ya ukuta, nikangoja, halafu nikaja nakohoa.

Kesho yake alfajiri akanyoosha mguu kama kawaida. Nikamsuka mpaka nilipoolewa.

Sasa hivi viatu ni vya kubandika, au gidamu zinaachwa zinaburuzika wanasema ndiyo swaga, na mwanangu ana simu yenye video ya namna arobaini za kufunga viatu. Ana miaka sita. Juzi asubuhi, anakwenda shule, nikainama nimfunge. Akarudisha mguu nyuma.

"Niache mama," akasema, "najua mwenyewe."

Na kweli anajua.