Sketi ya Mama Latifu

Sitajisafisha. Nilikuwepo tangu kitambaa kinakatwa, na kama kuna mtu angeweza kumwepusha Mama Latifu na aibu ile, ni mimi, Stellamaris, karani wa ofisi ya kata, mpangaji mwenzake hapa Maili Moja, Kibaha.

Jina lake hasa ni Mwamini. Hakujaliwa kuzaa. Marehemu mumewe, Mwinyimadi, alimuoa huku ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyeachwa na mama yake, Maulida, ambaye alikwenda zake Mwanza na mwanamume mwingine. Mwamini ndiye aliyemlea Latifu kule Maneromango. Masika barabara ikigeuka tope alimbeba mgongoni mpaka shule, na aliuza mihogo hadi kijana akamaliza chuo. Latifu alipoajiriwa benki, Maulida akakumbuka ghafla kwamba ana mtoto. Akarudi, akapokelewa kwa vigelegele.

Sasa Latifu alikuwa anaoa, na sherehe ilikuwa Kisarawe, nyumbani kwa ukoo wa baba yake. Mwamini alitaka kitu kimoja tu: aketi meza ya wamama wa bwana harusi, watu wamwone. Harusi zetu mnazijua. Kila kundi lina sare yake, na kitambaa ulichovaa ndicho kinachoamua utakaa wapi.

Alhamisi, Fadhila, dada wa marehemu, alimletea kitenge cha rangi ya machungwa chenye maua meusi.

"Wifi, shona sketi tu. Juu vaa blauzi nyeupe, inatosha," alisema, wala hakukaa kunywa maji.

Zilikuwa yadi mbili. Nilijiuliza mama gani wa bwana harusi anapewa yadi mbili, lakini Mwamini alikuwa anazikunja na kuzikunjua kwa furaha.

Jumamosi kulikuwa na kibaridi kizuri cha kipupwe. Mimi siku hiyo siendi kazini. Tulikaa barazani na chai ya mchaichai, yeye na cherehani yake ya mkono, mimi na simu yangu. Alikata gazeti kwanza kupata kielelezo, akakilaza juu ya kitambaa, akachora kwa kipande cha sabuni. Alitaka marinda ya kuzunguka kiuno chote. Kitambaa hakikutosha, basi akaweka marinda mbele na nyuma akatia lastiki. Pembezoni alipitisha uzi kwa mkono, polepole, kitambaa kisije kikafumuka. Muda wote alikuwa anaongea. Mwanangu Latifu hapendi vitunguu vibichi. Mwanangu Latifu akiwa mdogo alikuwa halali bila kushika sikio langu. Mwanangu Latifu hivi, mwanangu Latifu vile.

Mimi nina miaka arobaini na sita. Sina mtoto, si wa kuzaa wala wa kulea. Miaka sita nimekula hiyo mwanangu Latifu asubuhi na jioni, na siku ile nilikuwa nimeshiba.

Mchana nikafungua simu. Fadhila alikuwa ameweka stetasi: yeye na Maulida kwa fundi, wamevaa magauni ya lesi ya kijani, chini kaandika, "Wamama wa bwana harusi tuko tayari." Picha iliyofuata ilikuwa kile kitenge cha rangi ya machungwa. Chini yake kaandika, "Sare ya wapishi."

Nikainua macho. Mwamini alikuwa anapinda upindo, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Stella mwanangu, wewe una simu ya kupangusa. Hebu niangalizie wenzangu wameshonaje, nisije nikawaaibisha."

"Bando limeisha, mama," nikasema.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilimhurumia. Uongo. Nilitaka afike kule ajionee mwenyewe, walau mara moja, kuwa hana mtoto, sawa na mimi. Jioni nikamwazima pasi yangu. Nikamzungusha nikamwambia upindo umekaa sawa, amependeza, na kweli alikuwa amependeza.

Jumapili tulikwenda pamoja. Fadhila alitupokea getini.

"Wifi, umechelewa, mchele bado haujaoshwa! Wenzako wako uani."

Mwamini alitazama turubai la sherehe. Aliiona meza ya lesi za kijani, akaangalia sketi yake, halafu akawaona wanawake sita wakitoka uani na masufuria, wote na maua meusi kama yake. Nilidhani atalia au atageuka arudi Kibaha. Akakunja mikono ya blauzi, akaenda uani. Mimi nikaonyeshwa kiti cha wageni, nikakaa.

Wakati wa chakula alikuja mwenyewe na sahani ya bwana harusi. Pilau, na kachumbari pembeni ya nyanya tupu, bila kitunguu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuwapongeza maharusi, hatua mbili kutoka kwao. Aliweka sahani, akasimama, akasubiri.

"Asante, mama," Latifu akasema, vile unavyomwambia mhudumu yeyote, akamgeukia mkewe. Muziki ulikuwa mkubwa. Bibi harusi alimuuliza kitu, naye akamjibu akiwa anachukua kijiko.

Nilipokwenda kunawa, Mwamini alinifuata, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na mafuta.

"Yule binti kamuuliza mimi nani. Nimemwona mdomo. Wewe ulikuwa karibu, Stella. Mwanangu kamjibuje?"

Hapo ndipo ungefaa uongo. Ningeweza kusema hata mimi sikusikia, na asingenilaumu, kwa muziki ule. Jana yake nilikuwa nimedanganya bila hata kupepesa macho.

"Amesema, 'Alikuwa anakaa na mzee.'"

"Basi?"

"Basi, mama."

Akaachia mkono wangu, akafuta vidole kwenye marinda. "Haya," akasema, akabeba sinia, maana meza ya tatu walikuwa hawajapata pilau.