Jino la Mama Juu ya Paa

Watu wengine wakisikia harufu ya karafuu hukumbuka pilau. Mimi hukumbuka damu, mnisamehe. Juzi mjukuu wangu aliumwa jino, mama yake akamwekea pamba yenye mafuta ya karafuu, nami ikabidi nitoke nikakae barazani mpaka moyo utulie.

Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu Geita, enzi za Mwingereza. Mgodini walimfundisha huduma ya kwanza, wakamkabidhi sanduku la bati lenye msalaba mwekundu. Ndani mlikuwa na bandeji, pamba, iodini, mafuta ya karafuu na koleo dogo la kung'olea meno. Jioni alirudi nalo, na majirani wenye mashavu yaliyovimba walimngoja mlangoni. Alikuwa na mkono mwepesi, nami nilijivunia mkono ule. Ila Jumamosi akishalewa, mkono huohuo ulimwangukia Mama, kisha sanduku likafunguliwa kwa ajili yake. Nilidhani kila nyumba iliishi hivyo. Niliwahurumia hata rafiki zangu, kwa kuwa kwao hakukuwa na sanduku, na sikujua mama zao walifungwa bandeji na nani.

Jumamosi moja ugali ulichelewa. Baba alimpiga Mama ngumi ya mdomo, naye akaangukia mafiga. Jino la mbele likaruka, zima na mzizi wake, likatua karibu na mguu wangu. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kanga. Baba akapoa ghafla, kama kawaida yake, akaenda kuleta sanduku.

Wakati huo nami nilikuwa nang'oka meno ya utoto. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba jino likitoka, ulirushe juu ya paa na kuomba jipya. Basi nikaliokota lile la Mama, nikatoka mbio, nikalirusha kwenye nyasi za paa kwa nguvu zangu zote, nikamwombea lingine jeupe zaidi. Nikarudi ndani nikitabasamu.

Baba alikuwa amepiga magoti, akipapasa majivu. Mgodini walimwambia kuwa jino likirudishwa upesi mahali pake huweza kushika. Na kesho yake kaka zake Mama walikuwa wanakuja kututembelea kutoka Samuye.

"Jino liko wapi?"

"Nimelirusha juu ya paa, Baba. Litaota lingine."

Alinikaba shingo, akanibamiza ukutani, miguu yangu ikaning'inia. Kofi la kwanza lilinitoa damu puani. Alipokunja ngumi, Mama aliingia katikati yetu, koleo la Baba mkononi, kidevu chote chekundu.

"Baba Kabula," alisema, akimwita kwa jina langu, pumzi ikimpita kwenye pengo. "Mimi umenizoea. Huyu mtoto ukimgusa tena, nakuua."

Aliliinua lile koleo usawa wa jicho la Baba. Baba akarudi nyuma, akakaa juu ya sanduku lake, akalia kwa sauti. Hakuna aliyembembeleza.

Wajomba walipofika, Mama hakujifunika mdomo. Aliwapokea kwa kicheko kipana, makusudi kabisa, wakaliona pengo. Mchana ule tukaondoka nao. Tulipofika penye lori la kutupeleka Samuye ndipo nikakumbuka sanduku, nikaanza kulia. Nilitaka turudi tukalichukue, maana Mama akiumia tena tungemfunga na nini?

"Liache, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma huku akinifuta kamasi. "Huko tuendako halina kazi."

Nilimwona mzembe. Kule Samuye kila asubuhi nilimfungua mdomo nione kama jino limeota, naye alitulia akaniachia nichungulie. Kila Jumamosi jioni nilijificha nyuma ya ghala la mtama, nikingoja kelele. Kelele hazikuja. Jino nalo halikuota, tukamzika na pengo lake.

Nilikuwa nimeshaolewa, na Jumamosi nyingi zimepita kimya nyumbani kwangu, nilipoelewa kwa nini rafiki zangu wale hawakuwa na sanduku kwao.