Insha ya Zizi la Babu

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa historia aliponitoa darasani kwetu na kunikalisha na wanafunzi wa kidato cha tano. Sababu ilikuwa moja tu: nilikariri haraka kuliko wenzangu. Yeye aliita hiyo akili, na mimi, mjinga wa miaka kumi na sita, nikakubali.

Historia ile ya wakubwa ilikuwa nyepesi ajabu. Binadamu wote walipanda ngazi moja: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Mwalimu aliichora ngazi yenyewe ubaoni kila Jumatatu, akaizungushia Kiingereza kizito ili ionekane ngumu. Tangu aletwe Tarime hakuwahi kuzungumza na mzee yeyote zaidi ya kumpa shikamoo. Wazee wana hadithi, alisema, historia tunayo sisi. Nilimwamini, nikavimba kichwa, nikawa natembea na daftari kwapani hata nikienda chooni.

Likizo ya mwisho wa mwaka alitupa kazi: andika historia ya kijiji chako. Kijiji changu kilikuwa na umri wa miaka miwili. Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kila ukoo na boma lake, ikatupanga kwa mistari kando ya barabara. Ng'ambo ya mto yakabaki mahame. La babu lilijulikana kwa uzio wa minyaa na zizi la mawe. Babu mwenyewe tulimzika kando ya mlango wa zizi, kama anavyozikwa mwenye mji kwetu, asikie ng'ombe wake wakitoka na kuingia.

Mwenyekiti wa kijiji aliposikia nina kazi hiyo, akaomba nakala ya Kiswahili. Trekta lilikuwa linakuja kulima shamba la ujamaa, na wilayani walitaka maelezo ya maeneo yaliyoachwa. Mahame ndiyo yaliyotamaniwa zaidi, maana udongo wa zizi la zamani ni mweusi kwa samadi. Bibi akaja kuketi karibu nami nikiandika.

"Mura, andika kwamba babu yako yuko pale. Wapite pembeni."

"Nitaandika, bibi."

Sikuandika. Kaburi la mzee mmoja halikuwamo kwenye ngazi ya mwalimu, na niliona aibu kuchafua insha yangu kwa mambo ya nyumbani. Niliandika hivi: "Mahame yote ng'ambo ya mto ni ardhi tupu isiyo na mwenyewe." Niliipenda sana sentensi hiyo. Baadaye mwalimu aliipa nakala ya Kiingereza alama kubwa kuliko za kidato cha tano wote, na hapo ndipo ungejua alama zake zilikuwa na thamani gani.

Bibi hakujua kusoma. Nilipomaliza aliniomba nimsomee, nami nikiogopa ugomvi nikashika karatasi na kumsomea kisichokuwamo: kwamba mlangoni mwa zizi la mawe amelala mwenye mji, na jembe lisipite hapo. Alifurahi, akanipa kibuyu kizima cha maziwa ya mgando. Niliyanywa yote.

Trekta lilifika kabla shule hazijafunguliwa. Tulipovuka mto na mwenyekiti na wanakijiji, tulimkuta bibi amekwishasimama mlangoni mwa zizi, ametulia kabisa.

"Hapa pameandikwa," akamwambia dereva. "Mjukuu wangu ameandika."

Dereva akazima injini. Alikuwa na adabu kuliko mimi. Mwenyekiti akatoa karatasi mfukoni, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari, akasema haoni kitu kama hicho. Bibi hakubishana naye. Aliichukua ile karatasi mkononi mwake, akavuka majani hadi niliposimama, akanikabidhi.

"Huyu macho yake mabovu," akasema. "Msomee wewe, kama ulivyonisomea mimi."

Watu wote walinigeukia. Uongo ule nilikuwa nao tayari kichwani, neno kwa neno, lakini mwenyekiti alikuwa ameisoma karatasi sasa hivi. Nikasoma kilichoandikwa, kwa sauti ile ile ya darasani, mpaka kwenye "isiyo na mwenyewe". Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga vizuri khanga yake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akashika njia ya mtoni, na dereva akawasha injini.