Hilda Aliyetazama Mfupa Wake Ukirudishwa

Kifanya nzima walimjua Hilda kwa mkono wake wa kulia. Ndio uliobebesha miparachichi ya karibu nusu ya kijiji. Alichukua kikonyo cha mti unaozaa vizuri, akakichonga kwa kisu chembamba, akapasua kichwa cha mche mchanga, akakichomeka na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Kabla hujamaliza kumsalimia, alikuwa ameshashika mwingine. Watu walimfuata hata kutoka Ludewa, na sifa hiyo aliipenda, wala hakuificha. "Kisipochipua," aliwaambia huku akicheka, "njoo unitukane mbele ya watu."

Siku ya mkasa walikuwa Makambako, yeye na mumewe Odilo, wakishusha miche kwenye fuso. Manyunyu yalikuwa yamelowesha bodi la gari. Hilda akakanyaga ukingo, mguu ukateleza, akaenda chini huku ametanguliza kiganja. Ikasikika ka! Alipoinua mkono, kifundo kilikuwa kimepinda kama shingo ya uma.

"Baba Peace, mkono wangu!" alipiga kelele. "Mkono wangu wa kazi!"

Odilo alimpigia simu mama yake, bibi Konsolata, naye akaamua papo hapo. "Mleteni nyumbani. Yule mzee wa mifupa atamfunga mianzi."

Hilda aliinyakua simu kwa mkono mzima. Kaka yake Sadock alifungwa mianzi vivyo hivyo, na mpaka leo mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. "Mama, nisamehe," alisema, meno yakigongana kwa maumivu. "Huu naupeleka hospitali."

Huko Njombe walimkuta Daktari Fidelis, bingwa wa mifupa, mtu mrefu mwenye sauti ya pole. Aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga. "Mfupa umevunjika hapa karibu na kiganja, na vipande vimehama. Kwa plasta peke yake naogopa vitahama tena. Mama, inabidi tukufanyie upasuaji."

"Mtanipasua kutoka wapi mpaka wapi?"

Daktari alimgusa kwa ukucha upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo. "Hapa tu. Hata urefu wa kidole gumba haufiki. Wengi tunawafungua mpaka huku," akapandisha kidole kuelekea kwenye kiwiko, "lakini mvunjiko wako unaruhusu tundu dogo. Tutapenyeza kibati chembamba chini ya msuli, eksirei ikituonyesha njia."

"Nitalala?"

"Ukitaka. Au tuupige mkono ganzi, wewe ubaki macho."

"Nibaki macho!" Hilda alisema mbio, kabla Odilo hajafungua mdomo. "Nataka kuona."

Ganzi ilipokolea, mkono ulikuwa mzito kama gogo la mtu mwingine. Pazia la kijani lilimzuia asiuone, lakini muuguzi Janeth alimgeuzia kioo cha mashine. Mle ndani, mweupe katika giza, mlikuwa na mfupa wake mwenyewe, umekaa upande. Moyo ulimwenda mbio, na haikuwa hofu.

"Vuta taratibu," daktari alimwambia msaidizi wake. "Bado... bado... hapo!"

Vipande vikasogea, vikakutana. Hilda akaguta. Kisha kibati kikatokeza pembeni ya picha, kikateleza kando ya mfupa, na skrubu zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine.

"Imeingia!" alipaza sauti. "Na ile nayo imeingia!"

"Mama Peace, usitikisike," Janeth alimwonya, akicheka nyuma ya barakoa.

"Daktari, kumbe na wewe unabebesha!"

"Leo nabebesha," alijibu daktari bila kuinua macho. "Omba kichipue."

Jioni ganzi iliisha na maumivu yakaja kweli kweli, akalia bila aibu. Lakini asubuhi, daktari alipomwambia akunje vidole, vyote vilikunjika. Akavikunja tena bila kuambiwa. Bibi Konsolata alifika na kapu la viazi, akainama kukagua bandeji.

"Ndiyo hii tu? Wamekufungua kweli?"

"Wamenifungua, mama. Nilikuwa natazama!"

Kilichomshinda kilikuwa kungoja. Alikatazwa kubeba ndoo na kushika jembe; kazi yake ikawa kuminya sponji kwenye maji ya vuguvugu na kukizungusha kifundo kama alivyofundishwa. Asubuhi za baridi kiliuma, akawagombeza watu wote nyumbani. Hatimaye daktari akamruhusu kushika kisu, naye akaenda moja kwa moja kitaluni, majirani wakimfuata. Kikonyo cha kwanza alikiharibu. Akakitupa, akachukua kingine. Cha pili kilikaa, na cha tatu kilikaa vizuri zaidi. Aliendelea mpaka jua likawa kali.

Wiki zikapita. Asubuhi moja alikwenda kumwagilia, akaona juu ya utepe kitu kidogo chekundu, kimekunjana kama kidole cha mtoto mchanga. Alitupa kopo, akakimbia peku hadi nyumbani, ambako Odilo alikuwa akinyoa ndevu.

"Limetoka! Baba Peace, jani limetoka!"

Odilo alitoka mbio na povu shavuni.