Viazi Ambavyo Mama Alikataa

Mama alipokimbia vita ya Rutshuru na kufika kwangu Murara, hapa Goma, alikuja na kitenge kimoja na musimamo mumoja: viazi vitamu vya Goma si chakula. Atakula vizuri akirudi kwake. Wiki ya kwanza nikacheka. Ya pili, mikono yake ilipobaki mifupa, nikaacha kucheka.

Nikaenda soko. Nikaleta vyeupe vyenye ganda jekundu, vikavu, vile vya kukaba koo mpaka uombe maji. Mama akavunja kimoja, akakinusa, akakirudisha.

"Hiki kimechimbwa jana. Hakijaona jua."

Kwao kiazi kinaachwa juani kwanza kinyauke, ndipo utamu unapanda. Haya. Nikavipanga uani juu ya mawe meusi ya volkano, ambayo saa sita yanaunguza miguu. Mbuzi wa jirani akala nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa tamu kabisa, na mama akala vipande viwili, nadhani kwa heshima ya mbuzi.

Muganga wa kituo cha afya akamupima, akakunja uso. Akasema tumupe vile vya rangi ya karoti: vina vitamini ya macho, tena ni laini kwa mutu mwenye meno machache. Mama akamuuliza kama yeye mwenyewe anavikula. Muganga akasema anapenda wali.

Mimi pia sivipendi. Vina maji, vinanukia boga, na kwetu ukimupikia mugeni vile, anajua humutaki. Lakini niliogopa, nasema wazi, niliogopa kumuzika mama yangu kwa ubishi wa viazi. Nikavichemusha, nikavitia kando ya maharagwe, nikageuka kama mutu anayetafuta chumvi.

Nikasikia anatafuna. Sahani ikaisha, akaomba ingine. Eh, Mungu wangu! Nikamujazia tena.

"Vinateleza," akasema. "Lakini si vibaya. Unitafutie migozi yake, yale marando ya kupanda. Na udongo, gunia nne ao tano, hapa kwako ni mawe tu."

"Mama, upande hapa?"

"Mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe."

Kiazi kinaomba miezi mitano udongoni, na mama anajua hiyo kuliko mimi; basi hangoji tena kurudi kwake. Akaendelea kula. Mimi nikabeba magunia matupu, nikatoka, nikalia mpaka barabarani.