Zawadi ya Harusi Inayokataa Kadi za Watu

Admin, nifiche vizuri, maana hapa mpakani tunajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeishia kidato cha nne, na ndoa yangu bado ni mpya kabisa. Nilizaliwa kijijini Mulanda, huku Uganda, nikasomea Busia upande wa Kenya kwa shangazi, na sasa naishi Busia ya Uganda na mume wangu kipenzi.

Kwanza mniruhusu nimsifu, msije mkamchukia kabla hamjamjua. Mume wangu hunipokea mzigo kichwani mbele za watu na kuubeba mwenyewe. Wanaume wenzake humcheka kwamba amekaliwa, naye huwajibu kuwa kukaliwa na mimi ni raha. Ananiita malkia. Nikiumwa kichwa tu, chai naletewa kitandani. Mimi niliyekulia kwa watu sikujua kama kuna kupendwa namna hii.

Kazi yangu ni kuuza vikapu, mikeka na shanga za karatasi kwenye maonyesho ya kazi za mikono, kila Jumamosi, mara Tororo, mara Busia. Jioni ya harusi yetu mume wangu alinipa kiboksi kidogo. Nilidhani ni mkufu, kumbe ni mashine ya kulipia kwa kadi. Nililia kwa furaha. Wanawake wenzangu wengi kwenye maonyesho wana simu tu, na mimi bibi harusi nina mashine!

Akanifundisha mwenyewe. Waganda wenzetu walipe taslimu au kwa simu, mashine niwape wateja waliovuka kutoka Kenya tu. Kadi ikikataliwa niombe radhi, nimwambie mteja aingize tena namba yake ya siri, ikikataa mara ya pili nipokee taslimu na nitabasamu. Na kweli ilikuwa inakataa karibu kila mara. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu huku kila mtu anajua kadi ya ng'ambo hununa ikivuka. Mteja mmoja alinitania kwamba hata kadi siku hizi inadai pasipoti. Niliona aibu kumlalamikia mume wangu kuhusu zawadi yake, nikaendelea kuuza.

Siku moja Tororo alikuja mwalimu mmoja, mama mtu mzima kutoka Kenya, akapenda kikapu changu kikubwa. Kadi yake ikakataliwa mara mbili. Jirani yangu wa meza, Mama Nafula, ambaye ana mashine ya benki, akamwita ajaribu kwake. Ikakubali palepale. Mama Nafula akacheka, "Bibi harusi, mashine yako inaringa kuliko wewe." Nami nikacheka. Nyumbani nilimsimulia mume wangu nikitegemea atacheka pia. Hakucheka. Aliuliza huyo mwalimu ni nani na anafundisha wapi, kisha akaniambia nisiruhusu tena mteja wangu aende meza ya mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita mwalimu alirudi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alivuta kigoda akakaa karibu nami kama mama na bintiye.

"Sikuja kugombana, mwanangu. Akaunti yangu imefagiwa yote. Namba yangu ya siri niliiingiza kwako na kwa huyu jirani yako tu. Kwa jirani wanalipa watu wote, na sijasikia aliyelia. Hiyo mashine ulipewa na nani?"

Nikasema nimenunua mwenyewe. Sijui uongo huo ulitoka wapi, ulitoka tu, kwa sababu nampenda. Mwalimu akasema Jumamosi inayofuata atakuja na mtu wa benki na askari, mashine iangaliwe kama inaiba namba za kadi. Akaniachia namba yake ya simu, akaniomba nisiache kuja.

Nilipofika nyumbani nilimwomba mume wangu atoe kadi yake tuijaribu, nijue kama kweli ni mtandao.

"Kadi yangu usiiingize humo," alisema, haraka, kama mtu anayevuta mkono wa mtoto usiguse jiko. Halafu akatabasamu, akanikanda mabega, akasema kadi yenyewe imeisha muda. Nikamweleza maneno ya mwalimu. Akauliza jambo moja tu, kama nilimtaja yeye kwa jina. Nikasema hapana. Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Wewe ndiye mke," akaniambia.

Kesho ndiyo Jumamosi. Mume wangu amepata safari ya ghafla ya Kampala, anaondoka alfajiri. Amenisihi niende Tororo kama kawaida, na mashine nibebe, maana nikikosa wataona nina hatia. Wakiniuliza, nirudie nililomwambia mwalimu. Meza nimelipia kwa jina langu, wateja wanaijua sura yangu, yeye hajawahi kusimama pale hata siku moja.

Ninapoandika haya anakunja mashati yake. Yote, hata suti ya harusi. Mashine ameifuta kwa kitambaa, huku na huku, akaishika kwa kitambaa hichohicho na kuilaza chini ya shanga kwenye kikapu changu. Sasa hivi ameniita kwa sauti ile tamu, malkia njoo tule, na moyo wangu umeruka kama siku ile kanisani. Hilo ndilo linalonitisha kuliko askari.

Ndugu zangu, nina usiku mmoja tu. Nibebe mashine niende nikasimame peke yangu? Nibaki nyumbani? Au nimpigie mwalimu sasa hivi, wakati mume wangu bado yumo ndani? Msinitukane, nampenda mno. Nishaurini, nifanye nini kabla hajafunga begi?