Sindano Niliyoiazimisha

Nilipoolewa na kuhamia Ng'ambo, mtu wa mwanzo kunizoea katika nyumba ile hakuwa mume wangu, alikuwa mama yake. Mume wangu alikuwa fundi wa barabara, na hata mwezi haujatimia baada ya harusi, akapelekwa kazini Pemba. Akawa anarudi Unguja kwa nadra. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na ua mdogo nyuma wa kupikia na kuanikia. Mapinduzi yalikuwa yana miaka michache tu.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mcheshi kwa watu, na mkali kwa mambo mawili: sala na sindano. Alikuwa na maradhi ya sukari. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, alikaa juu ya kibao, akapandisha kanga na kujichoma dawa pajani kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kwanza niligeuza uso ukutani. Akacheka.

"Geuka, mkaza mwanangu. Mimi hii ndiyo chai yangu ya mwanzo."

Wakati ule bomba la sindano lilikuwa la kioo. Haya ya plastiki, ya kuchoma mara moja ukatupa, sisi hatukuyajua. Hospitali walikupa bomba moja na sindano mbili za chuma, wakakwambia zitunze. Naye alizitunza. Akisha kujichoma aliliosha bomba, akalifunga kwa kitambaa cheupe lisigonge sufuria likapasuka, akalitia pamoja na sindano ndani ya kisufuria kisichopikiwa kitu kingine, akaweka juu ya stovu. Maji yakianza kutokota, anaanza Yasini. Akiimaliza nzima, bila ya haraka, ndipo anapozima moto. Kisha vyote vinaingia katika kibati chenye spiriti, tayari kwa alfajiri ya pili. Chupa ya dawa aliining'iniza kwa uzi ndani ya mtungi, juu ya maji, ipate baridi.

Mtaa mzima ulijua kwamba nyumba yetu ina sindano, na watu walikuja kuiazima. Mtaani petu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, katika zahanati ya shamba kabla hajastaafu. Mtu akipata penisilini yake, alimwita mzee yule aje kumchoma nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mkono wake mwepesi, na watoto walimlilia kidogo kuliko walivyowalilia wauguzi. Lakini bomba lake lilikuwa moja na kuukuu, na mara kwa mara alimtuma mtu kwetu. Jawabu la mama mkwe lilikuwa moja tu.

"Mswaki wangu siazimi, na sindano yangu siazimi. Mnisamehe."

Wakiondoka, nilijua wanasema nini njiani. Walisema Bi Mkubwa yule mchoyo. Mimi niliyekuja kutoka nyumba ambayo hata chumvi haikunyimwa mtu, niliona haya kwa niaba yake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawapi, madhali inachemshwa.

"Mimi nnaichemsha," alinambia. "Yeye ataichemsha?"

Nyumba ya pili kutoka yetu alikaa mwanamke wa umri wangu, shoga yangu wa kwanza pale mtaani. Mumewe alikuwa seremala. Mwaka ule seremala alitokwa na jipu kubwa mgongoni, karibu na bega, likampa homa ya kutetemeka. Dresa alikuwa akimchoma kila siku. Basi adhuhuri moja, mama mkwe kaenda khitmani Kikwajuni, mimi nachambua mchele uani, shoga yangu akaingia bila ya hodi, miguu mitupu.

"Shoga, n'azime bomba la Bi Mkubwa. La mzee limepasuka sasa hivi mkononi mwake, na dawa keshaichanganya, itaharibika."

"Mama hayupo."

"Najua hayupo. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akanishika mkono. "Mume wangu anaweweseka tangu asubuhi. Dakika kumi tu. Hatojua."

Nilikwenda chumbani nikatoa kibati. Nasema kweli, wakati ule sikuona kwamba nafanya kosa. Nilijiona nasaidia mgonjwa, na zaidi ya hapo nilijiona mimi si mchoyo.

Dakika kumi zikawa karibu saa nzima. Aliponirejeshea, bomba lilikuwa limefutwa kwa pamba, safi kwa macho. Niliteka maji nikatia katika kisufuria, nikaanza kutafuta kibiriti. Hapo nikasikia sauti ya mama mkwe barazani akiamkiana na majirani. Nilimwaga maji, nikapitisha spiriti juu juu, nikarejesha kila kitu ndani ya kibati na kibati mahali pake. Alipoingia uani alinikuta nimeinamia ungo wa mchele.

"Mbona unahema?" aliniuliza.

"Jua, mama."

Alfajiri ya pili alikaa juu ya kibao chake, akajichoma kama desturi. Nilitazama, kisha nikaenda kuwasha moto wa chai.

Jipu la seremala lilipasuka likapona, akarudi kazini. Baada ya wiki kadhaa tukasikia kwamba macho yake yamekuwa manjano. Watu wakasema ni nyongo, wakamchemshia majani, akakonda, akalala ndani zaidi ya mwezi, kisha akaanza kutoka barazani. Nilimpelekea uji pamoja na mama mkwe. Sikuunganisha jambo na jambo.

Miezi mitatu hivi tangu siku ile ya khitma, mama mkwe akaacha kula. Alisema chakula chote kinamnukia vibaya, hata samaki wa kuchoma aliyempenda. Mkojo wake ukawa rangi ya chai ya rangi. Siku ya Ijumaa, akijifunga ukaya kichwani aende kwa dada yake, niliona weupe wa macho yake mbele ya kioo. Ulikuwa manjano kama binzari.

Tulikwenda hospitali kwa miguu, tukipita Darajani na kuingia mjini, akipumzika katika kila baraza yenye kivuli. Daktari alimtazama macho, akambonyeza chini ya mbavu, akasema atalazwa, kwa sababu sukari nayo imevurugika. Kisha akaja muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bi Mkubwa, hiyo sindano yako, anatumia mtu mwengine?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Hata mara moja?"

"Wallahi, mwanangu, siazimi sindano mimi. Muulize mkaza mwanangu huyu."

Muuguzi akanitazama. Nikatikisa kichwa kusema hakuna. Mama mkwe keshaapa kwa Mungu, na kiapo chake nimekiharibu mimi, na bado nikatikisa kichwa.

Muuguzi akaendelea kunieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kupika. Alisema maradhi haya ya ini hupita kwa damu. Tone usiloliona hubaki ndani ya tundu la sindano, na spiriti haitoshi kuliondoa. "Na mtu anaweza kuwa nayo damuni na macho yake bado meupe. Hujui, na yeye mwenyewe hajui."

Nilirudi nyumbani peke yangu. Sikupika.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, nilimpelekea uji wa mtama usiotiwa sukari. Nilikaa sakafuni karibu na kichwa chake, nikamwambia yote: shoga, bomba lililopasuka, maji niliyoyamwaga, spiriti, jua nililolisingizia. Nilipomaliza aligeukia ukutani.

"Miezi mitatu," alisema. "Umekula na mimi sahani moja miezi mitatu."

"Nisamehe, mama."

"Nenda nyumbani."

Siku tatu nilimpelekea uji na siku tatu akampa mgonjwa wa kitanda cha pili mbele yangu. Shikamoo yangu alikuwa akiiitikia "marahaba" na hapo anaishia. Nilimwandikia mume wangu Pemba nikaichana barua. Siku ya nne, alionja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Uji huu hauna chumvi."

Nililia pale pale, mbele ya wadi nzima. Akaniacha mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Hebu nambie. Yule mzee, kwa lile bomba lake bovu, alikuwa akichoma watu wangapi kwa siku?"

Nilimwambia sijui.

"Basi tutamuuliza," alisema.

Alitoka baada ya wiki mbili, amekwisha, nguo zinamvaa. Kabla hata macho hayajasafika alinituma niwaite shoga yangu na yule mzee dresa. Niliogopa ugomvi. Waliketi uani juu ya mkeka, shoga yangu kainamisha kichwa, maana nilikwisha kumwambia, na mzee kaweka mkoba wake magotini. Alikuwa na bomba jipya alilolipata kwa ndugu yake.

"Shikamoo zenu nimezipokea," mama mkwe alisema. "Sikukwiteni kukusuteni. Mzee wangu, asubuhi hii umechoma wangapi?"

"Wanne, Bi Mkubwa."

"Kwa sindano ngapi?"

Mzee alitazama mkoba. "Moja. Naipangusa kwa spiriti."

"Ulifunzwa hivyo?"

"Nilifunzwa kuchemsha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Zahanati kulikuwa na jiko, na mafuta ya taa wakileta wao. Hapa nachemshia wapi? Nikiingia nyumba ya mtu nimuombe mafuta, mwenyewe hana ya kupikia. Mwanzo nilikuwa nachemsha, wallahi. Halafu nikaacha siku moja, nikaona watu wanapona."

Shoga yangu akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyemuharibu Bi Mkubwa."

"Na mumeo n'nani aliyemuharibu?" mama mkwe alimuuliza. "Tuache hilo. Mimi nnataka tujue tunafanya nini kesho."

Nimesikia hotuba nyingi maishani, lakini mkutano ule wa watu wanne juu ya mkeka ndio nilioushuhudia ukizaa kitu. Waliafikiana hivi. Anayetaka kuchomwa na mzee atakuja uani kwetu asubuhi, hatofuatwa nyumbani ila asiyeweza kuinuka. Kisufuria kitakuwa juu ya moto, na baina ya mtu na mtu bomba na sindano vitarudi majini, Yasini nzima. Mwenye mafuta ataleta, mwenye kuni ataleta kuni, maana maji hayajui yamechemshwa na nini. Na bomba la mama mkwe halitotoka katika kibati chake hata kama Sultani atarudi kuliomba. Mzee alicheka kwa hilo, mara ya kwanza siku ile. Mimi nikapewa kazi ya kisufuria.

Watu walinung'unika. Wengine hawakupenda kungoja. Wengine walikwenda kwa wachomaji wa mitaa mingine, na hatukuweza kuwazuia. Lakini wengi walikaa. Nimewahi kuwa na wanawake watano uani wakiniitikia Yasini, mmoja kashika jino, mmoja kabeba mtoto mwenye homa.

Jambo lililokuwa gumu zaidi ni zile sindano zilizochakaa. Sindano ikishapita kwenye kijiwe cha kunolea mara nyingi, huota ncha kama ndoana. Mama mkwe zamani alizitupa jaani, na watu waliziokota. Sasa aliazima koleo kwa seremala. Ikifika siku ya sindano kufa, aliikunja mara mbili mpaka ikavunjika, akaitia katika kopo la maziwa, na kopo likijaa tukalitumbukiza chooni. Mara moja mwanamke aliyetoka Fumba, mgeni wa jirani, alimkuta akiwa na koleo mkononi. Akamsihi ampe ile sindano, kwao hawana hata moja, na mtoto wake ana vidonda.

Mama mkwe alimtazama muda. Kisha akaivunja.

"Mlete mtoto hapa," alimwambia. "Mlete hata kama utakaa kwangu wiki. Hii siwezi kukupa."

Yule mwanamke aliondoka na hasira, akatutukana njiani. Siku ya tatu alirudi na mtoto mgongoni. Walilala chumba cha uani siku tisa, na mtoto akapona. Mama mkwe alinambia baadaye kwamba usiku wa ile siku ya kwanza hakulala, alikuwa akijiuliza kama hatorudi, itakuwaje.

Macho yake mwenyewe yalisafika, lakini nguvu zake hazikurudi zote, na kila alipochoka nilijua sehemu ya uchovu ule ni yangu. Hakunikumbusha hata siku moja. Shoga yangu naye alibaki shoga yangu, ingawa kwa muda mrefu tulikuwa hatuwezi kuazimana hata kawa la kufunikia chakula bila ya mmoja wetu kuinamisha macho.

Baada ya miaka kadhaa sukari ilianza kumla macho. Alfajiri moja nilimkuta juu ya kibao, kalishika bomba kwa mbali, kalileta karibu, kalipeleka tena kwa mbali, hasomi mistari. Alinyoosha mkono akanipa.

"Wewe unaona," alisema. "Vuta mpaka mstari wa pili mkubwa. Toa mapovu. Halafu choma moja kwa moja, usiogope."

Niliivuta dawa. Nilitoa mapovu. Mkono ulikuwa wangu, lakini nilisita, na yeye akasikia kusita kwangu.

"Umeichemsha jana?"

"Nimeichemsha, mama."

"Basi choma," alisema, akapandisha kanga, akaendelea na tasbihi yake.